Jina Lako Katika Kitabu cha Wakopeshaji

Kila mwaka kabla ya mvua za masika wakulima wengi huomba mikopo ya mbegu na mbolea, na kila mwaka wako wanaorudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya deni dogo ambalo hata hawalikumbuki. Mtu ana shamba la ekari tano lililolimwa vizuri, ana ng'ombe wawili wa gredi wanaokamwa, lakini akifika benki anaambiwa, "Jina lako liko CRB." Hutoka pale akidhani ameshtakiwa, au kwamba kuna jirani aliyemsema vibaya. Si hivyo. Yafaa kila mkulima aelewe CRB ni nini, maana asiyeelewa hulipa pesa mahali pasipotakiwa, au hukata tamaa na kuacha shamba bila mbolea.

Zamani mambo haya yalikuwa rahisi kuyaona. Skimu za makao zilipoanzishwa katika miaka ya 1960, mkulima aliyepewa shamba alitia sahihi mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30, na deni lake liliandikwa katika kitabu kimoja cha skimu. Aliyelipa alijulikana na asiyelipa alijulikana, lakini habari zake hazikuvuka mpaka wa skimu. Aliweza kuwa na deni huku na kukopa kule, na mkopeshaji wa pili asijue lolote.

Siku hizi vitabu vimeunganishwa. Kanuni za kwanza za jambo hili zilitolewa mwaka 2008, zikabadilishwa mwaka 2013, na tena mwaka 2020. Benki Kuu ya Kenya imetoa leseni kwa kampuni tatu za kutunza rekodi za mikopo, nazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hizo ndizo watu huziita CRB. Benki hupeleka kwao habari za kila mtu aliyekopa: jina lake, nambari ya kitambulisho, kiasi alichokopa, na jinsi anavyolipa.

Angalia neno hilo, kila mtu aliyekopa. Wengi wanafikiri CRB ni orodha ya wadeni wabaya tu. Hapo mwanzo ni madeni mabaya yaliyopelekwa, lakini tangu kanuni za mwaka 2013 habari njema pia huandikwa. Mfano wake ni daftari la mahudhurio la shuleni. Mwalimu haandiki watoro peke yao. Huita majina yote, aliyekuja hutiwa alama yake na asiyekuja hutiwa yake. Mwisho wa muhula, ukilisoma daftari, unajua mtoto yupi ni wa kutegemewa. Na yule ambaye hakuandikishwa shuleni kabisa? Daftari halina neno juu yake, zuri wala baya. Ndiyo sababu mtu ambaye hajakopa maisha yake yote huweza kushangaa akiona benki inasitasita kumkopesha. Hana kosa, ila hana rekodi.

Kutoka katika rekodi hiyo kampuni hupiga hesabu na kumpa mtu alama. Kila kampuni ina hesabu yake. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kuanzia 200 hadi 900, na alama iliyo chini ya 400 ni ya mtu aliyeshindwa kulipa. Jambo kubwa katika hesabu hizi ni kulipa kwa tarehe. Baada ya hilo hutazamwa una madeni mangapi kwa wakati mmoja, umekuwa mkopaji kwa muda gani, na umebisha milango mingapi kuomba mikopo siku za karibuni. Wingi wa mali yako sio unaopimwa. Mama mwenye robo ekari anayelipa kila mwezi kwa tarehe aweza kuwa na alama nzuri kuliko mwenye ekari ishirini anayelipa anapokumbuka.

Tena ijulikane kwamba CRB hainyimi mtu mkopo. Kazi yake ni kuandika na kuonyesha. Anayekataa ni mkopeshaji mwenyewe, na mkopeshaji mmoja aweza kukataa pale ambapo mwingine atakubali.

Sasa tuone jinsi jina linavyoharibika. Mkopo wa benki usiolipwa hupita hatua kwa hatua, na siku 90 zikipita bila malipo benki huuhesabu kuwa mkopo mbaya. Kabla ya kupeleka habari hiyo mbaya, mkopeshaji anatakiwa akupe taarifa mwezi mmoja mbele. Hapa ndipo wakulima wengi wanaponaswa, kwa maana taarifa huja kwa simu. Ukiwa umebadilisha laini, au laini imebaki na kijana aliyekwenda mjini, hutaiona. Ukibadilisha nambari, nenda ukawaambie wote wanaokudai. Ni safari ya asubuhi moja tu.

Deni lisilofika Sh. 1,000 halipaswi kupelekwa kama deni baya. Hivyo ndivyo kanuni za mwaka 2020 zilivyosema. Lakini Sh. 1,000 si pesa nyingi. Tuchukue mfano wa mkulima aliyekopa Sh. 2,400 kwa simu ili anunue dawa ya kuogesha ng'ombe. Mwezi ukapita, maziwa yakapungua, akasema atalipa baadaye. Miaka miwili baadaye anaomba Sh. 150,000 anunue mtamba wa gredi. Benki inafungua kitabu na kuona zile Sh. 2,400 pamoja na riba yake. Machoni mwake hilo ni jambo dogo. Kwa benki, aliyeshindwa na mbili elfu ataombaje laki na nusu?

Ukipata habari kama hiyo, usiende kwanza kutafuta pesa. Tafuta ripoti. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kila mwaka, nawe waweza kuiomba kwa simu au kwa mtandao ukiwa na nambari ya kitambulisho chako. Kama huna simu ya kufaa, mwombe mwanao mkubwa au karani wa ushirika akusaidie, lakini usimwachie mtu nambari zako za siri. Ukiona deni baya katika ripoti ya kampuni moja, tazama pia zile nyingine mbili.

Isome pole pole. Je, jina ni lako? Nambari ya kitambulisho ni yako? Ni nani asemaye unadaiwa, kiasi gani, tangu lini? Lina neno gani mbele yake, limelipwa au halijalipwa? Makosa hutokea. Deni lililolipwa zamani huonekana kama halijalipwa kwa sababu mkopeshaji hakupeleka habari mpya. Wakati mwingine deni si lako kabisa: uliazima mtu kitambulisho akasajili laini, naye akakopa kwa jina lako. Kuhusu hilo nasema wazi kwamba kitambulisho si jembe, hakiazimwi.

Kama kuna kosa, liandikie CRB barua ya malalamiko, ueleze lipi ni kosa na utie nakala za risiti zako. CRB inatakiwa iulize mkopeshaji na kuchunguza, na kosa likithibitika lirekebishwe. Wakikataa nawe bado huridhiki, waweza kuomba maelezo yako mafupi yawekwe katika rekodi ili kila atakayeisoma ayaone. Hapa ndipo risiti zinapoonyesha thamani yake. Risiti iliyotunzwa katika kopo la kimbo lililofunikwa vizuri imewaokoa watu wengi. Iliyochomekwa paani imeliwa na panya.

Lakini deni likiwa ni lako kweli, nenda kwa aliyekukopesha. Usiende kwa yule anayesimama nje ya benki, au anayetuma ujumbe wa simu, akisema kwa Sh. 3,000 atakufutia jina. Hana uwezo huo. Hata CRB yenyewe haiwezi kufuta deni la kweli. Ni mkopeshaji peke yake anayeweza kupeleka habari kwamba limelipwa.

Ukifika kwake, uliza jumla ya deni, na uliza imepatikanaje. Kwa mikopo ya benki iko sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007, isemayo kwamba mkopo ukishakuwa mbaya, riba inayodaiwa baada ya hapo haiwezi kupita kile kiasi cha deni kilichokuwapo siku ulipoharibika. Kama siku hiyo ulidaiwa Sh. 20,000, benki haiwezi kudai riba zaidi ya Sh. 20,000 nyingine, ingawa gharama za kufuatilia deni zaweza kuongezwa. Kwa hiyo ukitajiwa Sh. 70,000, omba hesabu iandikwe kwenye karatasi.

Huna pesa zote? Sema hivyo, nawe ueleze shamba lako linaleta pesa lini. Wakulima wetu hukubali tarehe zozote wanazopewa, halafu hushindwa. Mwenye maziwa aweza kulipa kila mwezi. Mwenye mahindi hawezi kuahidi malipo ya mwezi Juni, wakati mahindi yangali shambani. Na aombe malipo makubwa yawekwe baada ya mavuno. Mkopeshaji hupenda ahadi ndogo inayotimizwa. Mwendee mapema, kabla ya zile siku 90 kwisha, kwa maana wakati huo mkopo waweza kupangwa upya kabla jina halijaguswa.

Jambo lingine lasemwa sana sokoni, kwamba Serikali ilisamehe madeni ya simu. Ukweli ni huu. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao kwao benki zilipunguza angalau nusu ya deni la mikopo ya simu ya siku 30 au chini yake iliyokuwa imeharibika, na mkopaji akapewa nafasi ya kulipa iliyobaki hadi tarehe 31 Mei 2023. Mpango huo ulikwisha. Nusu ya pili haikusamehewa mtu, na aliyekaa akingoja msamaha mwingine bado anadaiwa.

Ukimaliza kulipa, kazi haijakwisha. Pata barua ya mkopeshaji isemayo kwamba hudaiwi. Ngoja majuma machache, halafu utazame ripoti tena uone kama neno limebadilika kuwa limelipwa. Kama halijabadilika, rudi na barua yako. Wakopeshaji wengine, na hata waajiri, hutaka pia cheti cha CRB kionyeshacho kwamba huna deni baya. Kwa anayekiomba mara ya kwanza, kanuni za mwaka 2020 ziliondoa malipo.

Wengi huvunjika moyo wanaposikia kwamba habari ya deni lililoharibika hukaa katika rekodi miaka mitano baada ya kulipwa. Wanasema, "Kwa nini nilipe basi?" Sababu ni kwamba ile miaka mitano huhesabiwa kutoka siku ya kulipa. Asiyelipa hajaanza hata kuhesabu. Tena deni lililoharibika kisha likalipwa, na lile ambalo bado linadaiwa, hayasomwi sawasawa.

Katika miaka hiyo usikae kimya. Ni wakati wa kujaza mistari mipya. Mahali pazuri pa kuanzia ni SACCO ambako akiba yako iko, au ambako malipo ya maziwa yako hupitia. Chukua mkopo mdogo ulio na kazi shambani, magunia mawili ya mbolea, si sherehe, na uulipe siku mbili tatu kabla ya tarehe. Kisha chukua mwingine. Uliza mapema kama SACCO yako hupeleka habari kwa CRB, maana si zote zifanyazo hivyo, na malipo mema yasiyopelekwa hayakusaidii huko. Usichukue mikopo mitatu ya simu kwa juma moja, wala usikope hapa kulipa pale. Hiyo ni kuziba tundu la debe kwa kutoboa lingine. Na hati ya shamba ibaki sandukuni. Nimeona wazee wakitaka kuiweka rehani ili kumaliza deni la elfu kumi. Shamba liliwachukua miaka thelathini kulilipa. Deni la elfu kumi ni maziwa ya miezi michache.

Jihadhari pia na udhamini. Anayetia sahihi kumdhamini mwenzake katika SACCO hafanyi heshima ya jirani tu, ameahidi kulipa. Mwenzake akishindwa, akiba ya mdhamini huchukuliwa. Si vibaya kumdhamini mtu, lakini kwanza mwombe akuonyeshe ripoti yake. Asiyetaka kuionyesha amekwisha kukujibu.

Kwa wale wanaokusudia kukopa kwa ajili ya masika, ripoti yafaa iombwe mwezi wa Novemba au Desemba, mahindi yanapouzwa. Likionekana kosa, kuna nafasi ya kuandikiana barua. Likionekana deni, pesa za mavuno bado zipo mkononi. Anayengoja hadi Machi hukuta foleni benki, na mvua hazimngojei.