Ukuta wa Nyumba na Haki ya Jirani

Mtu akisha kuezeka nyumba yake huko Mbagala au Goba, neno la pili alifikirilo ni ukuta. Wala hapana lawama. Ua huzuia mwizi, husitiri watu wa nyumbani na huwalinda watoto. Lakini ukuta una pande mbili: upande wa ndani ni wa mwenye nyumba, na wa nje huwakabili watu wote. Ndiyo maana haujengwi kwa shauri la mtu mmoja.

Wengi hudhani kwamba kibali hutakiwa kwa nyumba tu. Sivyo. Ukuta wa matofali nao ni ujenzi, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka mwenye kuendeleza ardhi mjini apate kwanza idhini ya mamlaka ya mipango.

Basi njia ni hii. Kwanza, yatafute mawe ya mpaka. Yakiwa hayaonekani, mwite mpima ardhi, wala usitegemee kumbukumbu ya aliyekuuzia kiwanja. Pili, waite majirani wa pande zote mpaka uonyeshwe mbele yao, kisha upate barua ya Serikali ya Mtaa. Tatu, peleka maombi Manispaa pamoja na ramani na nakala ya hati yako. Ijue Manispaa yako: mkazi wa Manzese aliyekuwa Kinondoni yuko Ubungo tangu mwaka 2016, na wa Kigamboni hayuko tena Temeke. Nne, ngoja kibali cha maandishi ndipo umwite fundi. Neno la mdomo halitakufaa siku ukuta utakapotiwa alama nyekundu ya kubomolewa.

Mahali pasipopimwa, na hapo ndipo waishipo wakazi wengi wa Dar es Salaam, hatari ni kubwa zaidi. Kila mmoja akisogeza ukuta hatua moja, njia hugeuka kichochoro. Gari la zimamoto halipiti. Mgonjwa hubebwa mgongoni. Hata jeneza hupinduliwa ubavu ili litoke. Na ukuta uzibao mkondo wa maji humtumia jirani mafuriko. Waliyoyaona ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliamua watu wakigombana juu ya njia iachwe dhiraa saba, yaani zaidi ya mita tatu. Na akaonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, ingawa kadiri ya shibiri, atavishwa shingoni siku ya Kiyama. Ni ukuta gani utakaomsitiri mtu na mzigo huo?

Wala watu hawashindwi kupatana. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walishirikiana kujenga mifereji na njia za mtaa wao. Na ugomvi ukitokea, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu.

Vijana mnaonunua viwanja leo, pigeni hodi kwa jirani kabla ya kuchimba msingi. Shibiri moja mtakayoiacha nje ya ukuta haitawapunguzia nyumba, bali itawapa majirani watakaokuja mbio usiku mtakapopiga ukelele.