CICERO: ULIMI ULIOMPANDISHA NA KUMSHUSHA

Wengi wetu tunamjua Julius Caesar kwa sababu ya mchezo wa Shakespeare, ule ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili ukachapishwa mwaka 1963. Katika mchezo huo yumo mzee aitwaye Cicero. Anasema maneno machache tu, halafu haonekani tena. Mimi naona alionewa! Katika Roma ya kweli, huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa maneno.

Marcus Tullius Cicero alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka 106 KK (Kabla ya Kristo) katika mji mdogo wa Arpinum. Baba yake alikuwa na mali ya kutosha, lakini katika ukoo wao hakuna aliyewahi kushika cheo kikubwa huko Roma. Mtu kama huyo Warumi walimwita "mtu mpya", na usidhani hiyo ilikuwa sifa. Vyeo vilizunguka baina ya koo chache, baba kwa mwana. Cicero hakuwa na babu wa kujivunia wala jeshi. Alichokuwa nacho ni ulimi, tena ulimi ulionolewa kwa masomo, kwani alisoma sheria na falsafa Roma, kisha akaenda kuongeza elimu Ugiriki.

Mwaka 75 KK alipewa kazi ya kusimamia fedha katika kisiwa cha Sicily. Akachapa kazi vizuri, na akarudi akidhani Roma nzima inamtaja yeye tu. Kumbe! Aliposhuka bandarini Puteoli, jamaa mmoja akamwuliza ametoka Roma lini na huko kuna habari gani. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe baadaye, na ndiyo maana nampenda.

Lakini Wasicily hawakumsahau. Gavana wao mmoja, Verres, alikuwa amewaibia kwa miaka mitatu: nafaka, fedha, hata sanamu za mahekalu. Wakamwomba Cicero awe wakili wao. Verres naye akamweka Hortensius, wakili aliyesifika kuliko wote wakati ule. Ujanja wa akina Verres ulikuwa kuivuta kesi mpaka mwaka unaofuata, maana Hortensius alikuwa amekwisha kuchaguliwa konsuli wa mwaka huo. (Makonsuli walikuwa wakuu wawili wa serikali, na walitawala mwaka mmoja tu.) Cicero alikwenda Sicily, akazunguka siku 50 akikusanya ushahidi. Kesi ilipoanza mwezi wa Agosti mwaka 70 KK, watu walingoja hotuba ndefu. Yeye akasema kidogo tu, akaanza kuwaita mashahidi mmoja baada ya mwingine. Verres aliona maji yamezidi unga, akakimbilia uhamishoni kabla hukumu haijatolewa. Sisi tunaopenda kuongea bila kikomo kwenye mijadala tungeitazama kesi hiyo vizuri.

Mwaka 63 KK, akiwa na miaka 43, Cicero akawa konsuli. Mwaka huo huo Catilina, mkuu mmoja aliyeshindwa katika uchaguzi na kuzama katika madeni, alipanga kuipindua serikali. Cicero alimkabili hadharani mbele ya maseneta, naye Catilina akautoroka mji usiku. Wenzake watano walikamatwa, zikapatikana na barua za kuwaumbua. Wafanyweje? Caesar alisema wafungwe. Cato akasema wauawe. Maseneta wakamfuata Cato, na tarehe 5 Desemba Cicero akaamuru wanyongwe siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Sheria ya Roma ilikataza raia kuuawa bila kuhukumiwa mbele ya watu. Hao watano walikuwa wamekwisha kutiwa mbaroni. Haraka ya nini? Mtu aliyepanda kwa kuwatetea wanyonge mahakamani ndiye aliyewanyima wengine mahakama. Tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kwa miaka mingi alijisifu ati ameiokoa Roma, mpaka watu wakachoka.

Mwaka 58 KK adui yake Clodius alipitisha sheria dhidi ya yeyote aliyemwua raia bila hukumu. Cicero alikimbia Roma, na nyumba yake ikabomolewa. Aliruhusiwa kurudi mwaka 57 KK, lakini nguvu zilikuwa zimehamia kwa wenye majeshi.

Caesar alipouawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, Cicero hakuwa katika njama, ingawa alifurahi. Sasa alikuwa mzee, angeweza kukaa kimya. Hakukaa. Alitunga hotuba 14 za kumshambulia Mark Antony, huku akimwunga mkono kijana Octavian, mrithi wa Caesar. Mdomo uliponza kichwa: mwaka uliofuata Octavian na Antony walipatana, wakaandika orodha ya watu wa kuuawa, na jina lake likawemo. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 KK askari walimkuta akibebwa kwenye machela kuelekea baharini. Alikuwa na miaka 63. Kichwa chake na mikono iliyoandika zile hotuba vilitundikwa kwenye jukwaa la wasemaji, pale pale alipozoea kuwahutubia Warumi.

Antony alishindwa vita na Octavian, akajiua mwaka 30 KK. Mmoja wa makonsuli wa mwaka huo alikuwa kijana aitwaye Marcus Tullius Cicero, mwana wa yule mzee.