Ndizi, Magazeti na Kura Yangu

Wengine hawajui kwamba Mkenya, Mtanzania au Mganda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kupiga kura hapa, kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. (Wenzetu wa Kongo na Burundi, poleni.) Basi tarehe 23 Juni 2016 na mimi nilipewa karatasi: tubaki Umoja wa Ulaya au tutoke?

Shida ilikuwa nimwamini nani. Mwenye nyumba wangu alikuwa na gazeti lake, kila siku ubaya wa Brussels. Mimi nikitazama BBC, yeye anacheka: "Hao ni watu wa Ulaya hao!"

Kumbe kila chombo kina sheria yake. Gazeti la hapa halilazimiki kutopendelea. Ruksa kuwaambia wasomaji wapige kura upande gani. Redio na televisheni ndizo zinazobanwa na kanuni za Ofcom, na BBC ina Hati yake ya Kifalme juu ya hapo.

Chukua ndizi. Kanuni ya Ulaya namba 2257 ya mwaka 1994 ilitaka ndizi zisiwe na upindaji usio wa kawaida. Magazeti yakaandika ati Ulaya imepiga marufuku ndizi zilizopinda! Sisi tuliokulia migombani tunajiuliza, ndizi gani isiyopinda? Lakini ona ujanja wenyewe: kanuni ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya kupanga madaraja, na daraja la pili liliruhusiwa kasoro za umbo. Uongo wa namna hii ni mgumu kuukanusha, maana ukianza kueleza madaraja msomaji ameshafungua ukurasa wa mpira.

Hata hivyo mwenye nyumba hakuwa mjinga. Mwaka 2005 jopo la Lord Wilson, lenye wapenda Ulaya na wapinzani wake, liliichunguza BBC. Halikukuta upendeleo wa makusudi, bali waandishi wasioijua Ulaya vizuri, na waliogeuza kila jambo kuwa ugomvi wa wanasiasa wa London. Mwaka 2013 ripoti ya Stuart Prebble ikasema BBC ilichelewa kuwapa nafasi ya kutosha wanaotaka kutoka. Na hao si kundi moja, jamani! Tony Benn wa mrengo wa kushoto alipinga tangu kura ya 1975.

Mwaka 2016 mambo yakageuka, lawama ikawa usawa wa mizani: mchumi mmoja wa kubaki, mmoja wa kutoka, wakati wachumi wengi mno walikuwa upande mmoja. Kanuni haidai nusu kwa nusu. Inadai haki inayolingana na jambo lenyewe. Kupima hapo ndipo kazi ilipo.

Kutoka walishinda kwa asilimia 51.9. Mimi nilipigia upande gani? Mwenye nyumba mpaka leo anadhani anajua.