Udzungwa, hifadhi isiyokuuliza umekuja na gari gani

Jirani yangu hapa Segerea ni dereva wa bodaboda. Kwa mwaka mmoja na nusu alipeleka hesabu kwa mwenye chombo, jua liwake au mvua inyeshe, mpaka mkataba ulipoisha na kadi ya pikipiki ikaandikwa jina lake. Nilidhani atachinja mbuzi. Akaniambia ana haja ya kitu kimoja tu: kuendesha pikipiki yake siku tatu mfululizo bila abiria nyuma.

"Kaka, nimewapeleka watu makazini, hospitali, harusini, msibani," alisema. "Mimi mwenyewe sijawahi kwenda popote."

Tukakubaliana twende wawili, kila mtu na pikipiki yake, Jumamosi hadi Jumatatu, tukalale kwenye hema katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Kijiweni walitucheka. Watu wengi wa Dar wakisikia neno hifadhi wanaona Land Cruiser iliyofunguliwa paa na mgeni mwenye kamera shingoni. Siwalaumu, maana kwenye hifadhi zetu nyingi huwezi kuzunguka kutazama wanyama ukiwa juu ya pikipiki. Lakini Udzungwa hutazamwi umekuja na nini. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, ni ya kutembea kwa miguu. Mwenye gari la mamilioni analiacha langoni Mang'ula, na mwenye Boxer anaiacha palepale, kisha wote wanakaza kamba za viatu.

Mizigo tuliifunga usiku kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za malori: hema, mikeka miwili, sufuria, jiko dogo la gesi, mchele kidogo, dagaa. Mfuko wa vifaa ndio ulionipa usingizi: spana, plagi ya akiba, kebo ya klachi, tyubu, pampu ya mkono. Mwenzangu alikaza cheni, akabadilisha oili, akazunguka pikipiki yake mara mbili kama anayeikagua ya mtu mwingine.

Saa 10 alfajiri tuliondoka Segerea. Kinyerezi tuliikuta imewaka taa, mitambo ya umeme wa gesi ikinguruma, tukapita Kifuru na Malamba Mawili, tukatokea Mbezi Mwisho kabla foleni haijaamka. Kulipopambazuka tulikuwa tumeiacha Mlandizi nyuma na tunavuka Mto Ruvu. Nilipunguza mwendo nikautazama. Huu ndio mto unaoinywesha Dar es Salaam, na unatoka kwenye milima ya Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulipopungua, sisi wa Segerea tulipanga ndoo mstari na kusubiri mgao. Siku zile tuliongea sana habari za mabomba. Habari za milima sikusikia mtu akizitaja.

Chalinze tulikunywa chai na chapati. Mbele kidogo ya Mikese tairi langu la nyuma likaanza kuyumba: pancha. Fundi alikuwa chini ya mwembe na beseni lake la maji. Aliitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kipande kwa kipande huku akiinamisha sikio. Mapovu yalipotoka alibana pale kwa kidole gumba, akapakausha kwa kitambaa, akapakwangua, akapaka gundi na kuipepea kwa mkono hadi ikakauka, akabandika kiraka. Kisha akapitisha vidole ndani ya tairi lote, taratibu, akatoa kipande cha waya chembamba kama uzi. "Bila kukitafuta hiki ungerudi hapa baada ya kilomita mbili," alisema. Dakika ishirini, kazi safi. Nchi hii inasafiri kwa sababu ya watu kama yule, na natamani tuwaheshimu zaidi.

Baada ya Morogoro na matenga ya nyanya ya Doma, barabara kuu inaingia ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hapa nasema bila kupepesa macho: kama una pikipiki, usipite Mikumi usiku. Huna kioo mbele wala bati ubavuni. Kuna kibao kinachotaja faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, lakini mwenye pikipiki akigonga nyati hatafika kwenye kulipa faini. Tulikwenda polepole, taa zimewashwa, tumeachiana nafasi. Pundamilia walikuwa wakila majani hatua chache tu kutoka kwenye lami. Tembo watatu walisimama upande wa kulia. Tukasimama mbali, injini zikiunguruma taratibu, hadi walipovuka. Lori la nyuma yetu nalo likasimama, na dereva wake hakupiga honi. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Kilichoniuma ni nyani. Wamekaa pembeni ya barabara kama ombaomba, wakisubiri ndizi na maandazi kutoka madirishani. Anayewatupia chakula anadhani ana huruma, kumbe anawafundisha kukimbilia magari. Jamani, tuache.

Mji wa Mikumi ukiufikia, unakata kushoto kuelekea Ifakara. Kutoka hapo hadi Mang'ula ni kama kilomita 65, na kwangu hizo ndizo kilomita tamu kuliko zote. Barabara inashuka hadi Kidatu, unavuka Ruaha Mkuu, na kushoto mashamba ya miwa yanaanza kutandaza kijani hadi upeo wa macho. Kulia milima imesimama wima, msitu ukianzia karibu kabisa na mashamba ya watu. Kidatu kuna mtambo wa megawati 204 unaozungushwa na maji ya Ruaha. Mwenzangu alisimamisha pikipiki darajani, akavua kofia ngumu, akasema, "Kwa hiyo taa ya kijiweni kwetu inaanzia hapa." Sehemu yake, ndiyo.

Mang'ula tulivuka reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, tukafika langoni mchana. Malipo si ya fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au kadi. Mtanzania analipa kwa shilingi, na kiwango chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni anayelipa kwa dola. Pikipiki zililala chini ya mti karibu na ofisi. Hema tulilipiga kwenye kambi ya hifadhi, mto ukisikika upande wa pili wa vichaka.

Usiku ule sikulala mapema. Kwanza walilia komba, waliponyamaza wakaanza vyura. Kisha, saa 4 hivi, perere akapiga ukelele wake juu ya mti: unaanza kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, unapanda, unakuwa mayowe, halafu unakatika ghafla. Mwenzangu alikaa kitako. Segerea tumezoea muziki wa baa na mbwa wa jirani, na sauti ya mnyama mdogo kama pimbi ikamtoa mtu mzima jasho. Alipoelewa ni nini, akabaki anasubiri alie tena.

Asubuhi, pamoja na mwongozaji, tulipanda kuelekea maporomoko ya Sanje. Njia inapita chini ya mikangazi mikubwa, mizizi yake imejitokeza kama kuta. Mbega wekundu walituangalia kutoka juu, hawakukimbia. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, misitu ya zamani sana iliyotengana na misitu mingine kwa muda mrefu, na ndiyo maana ina viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Yupo nyani wa msituni aitwaye mangabei wa Sanje: wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimfahamu. Mwongozaji alituonyesha pia jani lenye manyoya laini kwenye ufa wa jiwe lenye unyevu, jamaa ya ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu vya dirishani. Asili yake ni milima yetu ya Afrika Mashariki. Mimi nilikuwa sijui.

Sanje inaanguka jumla ya mita 170. Unaisikia kabla hujaiona, kisha ukungu wa maji unakulowesha uso. Ukisimama juu, bonde lote la Kilombero liko miguuni pako: miwa, mashamba ya mpunga, paa za bati zinazometa. Mwongozaji alitufuatishia maji kwa kidole: kutoka hapa hadi bonde la Kilombero, kutoka bondeni hadi Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Msitu ukikatwa huku juu, maji hayatakuwa na mahali pa kusubiri kiangazi.

Lazima niwataje watu wa vijiji vya chini. Hadi mwaka 2011 waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki, kisha ruhusa ile ikafutwa. Msitu unaotupa maji na umeme sisi wa mjini unalindwa, na mzigo wa ulinzi huo unabebwa na mama wa Mang'ula anayetafuta kuni kwingine. Kwa hiyo tulipomaliza mchele wetu hatukulalamika. Tulinunua wa pale, na samaki wa Kilombero, tukala kwa mama ntilie hadi Jumatatu asubuhi.

Mafuta ya kwenda yalikuwa lita nane hivi kwa kila pikipiki. Mwenzangu alipiga hesabu ya siku tatu alizokosa abiria, akakiri ni fedha nyingi, na akasema mwakani atakwenda tena na mkewe.

Kama una pikipiki nzima, leseni na siku tatu, nenda wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, njia za mlimani zikiwa kavu. Ondoka alfajiri, vuka Mikumi mchana, usiwape nyani chakula, na mchele wako ununue Mang'ula.