Fahamu: Mahakama ya Rufani na umri wa kuolewa

Binti wa Igalula, mkoani Tabora nchini Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 aweza kuozwa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana hungojea 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipofungua kesi kupinga hilo, Mahakama Kuu ilihukumu mwaka 2016 kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vyakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Na Mahakama ya Rufani, isiyo na nyingine juu yake, Oktoba 23, 2019 ikaitupa rufani ya serikali. Lakini jaji hatungi sheria: Katiba, ibara ya 30(5), yaruhusu muhula badala ya kubatilisha papo hapo, na muhula ule, kwa huzuni kubwa, ukapita pasina Bunge kuvibadili vifungu hivyo.