Kunyanyua chuma bila kuvunja mugongo

Mu Likasi, toka Kikula mpaka Panda na Shituru, vijana banapendaka chuma. Wakitoka ku kazi, banavua maboti, banaenda mu kiwanja kunyanyua bomba lenye mikebe ya simenti. Nguvu yao tunaisifu. Lakini sasa wengine banaiga ku televizyo mchezo wa Olimpiki unaoitwa arashe: kuvuta chuma toka chini mpaka juu ya kichwa kwa mwendo mumoja, bila kukipumzisha ku mabega. Ule hauigwi hivi hivi.

Kwa nini sisi ba sendika tunausemea? Juu mugongo njo mali ya mufanyakazi. Sheria ya 2016 ya CNSS inalinda muntu aliyeumia ku kazi. Aliyeumia mu kiwanja siku ya mungu, ile haihesabiwe kuumia ku kazi, na bibi na watoto njo wanapata taabu.

Basi anayetaka kujifunza aanze hivi.

Kwanza, fimbo ya ufagio. Ishike kwa mikono miwili iliyo mbali, inyooshe juu ya kichwa, kisha chuchumaa mpaka chini, visigino vikibaki ku udongo. Kama huwezi kuchuchumaa na fimbo, na chuma hautaweza. Fanya hii majuma mingi.

Pili, anza kuvuta toka ku mapaja, kisha toka ku magoti, na udongo iwe mwisho. Mugongo unyooke, chuma kipite karibu na mwili. Miguu njo inasukuma. Mikono iko kama kamba tu. Chuma kikipanda, ingia chini yake mbio, viwiko vimekazwa, kisha simama.

Tatu, jifunze kuachilia. Chuma kikikushinda mbele, kisukume na urudi nyuma. Kikienda nyuma, kiachilie na uruke mbele. Usijaribu kukiokoa, na muntu asisimame nyuma yako, hata mutoto anayetazama.

Nne, angalia chombo. Chuma cha kweli cha wanaume kina kilo 20, cha wanawake kilo 15, na ncha zake zinazunguka. Bomba letu halizunguki, linakunja mikono. Simenti nayo inapasuka ikianguka. Kwa hiyo bomba la nyumbani liwe jepesi, pande zote mbili kilo sawasawa, zimefungwa nguvu. Mara mbili ao tatu, pumzika. Ukitoka ku zamu ya usiku, lala kwanza.

Ba mama na ba dada, musiambiwe ni mchezo ya wanaume: wanawake wamo mu Olimpiki toka Sydney, 2000.

Tena hii, ba ndugu. Mwanamichezo ananyanyua sekunde chache, anapumzika. Wewe unabeba siku muzima. Shirika la Kazi la Dunia lilisema mu 1967 kama mwanaume mukubwa asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mufuko ikipita pale, muite mwenzako, ao muite delege.

Ukiumia ku kazi, tangaza siku ile ile, mbele ya mashahidi, iandikwe. Ukingoja, watasema ni chuma ya kiwanja. Na maumivu yakishuka toka mugongo mpaka mu muguu, acha kunyanyua, enda kwa munganga.