Hando ya zamani: badili ukanda, okoa marinda

Huku Kware, Kajiado, ukiwa mbali na pwani, hando ya Kigiriama ikikatika fundi wa kuijua humpati upesi. Yetu ilishonwa kwa mkono na nyanyake binti yangu, naye anaitaka kwa ngoma ya shule. Nikaishika mwenyewe.

Hando huanza kufa kiunoni, maana uzito wote wa marinda unaning'inia pale. Usikate. Kwanza piga bandi chini ya ukanda ili marinda yasifunguke, ndipo ufumue uzi polepole. Ukanda mpya uwe wa nguo iliyokunjwa mara mbili.

Kitambaa chake ni marikani, jina lililotokana na wafanyabiashara wa Marekani walioileta Unguja karne ya 19. Mimi nilitumia shuka nyeupe ya pamba, ya mitumba. Ifue kwanza kwa maji moto. Ikinywea baada ya kushonwa, itayavuta marinda. Weupe wake haulingani na wa zamani, basi kiraka nikakiweka tabaka la ndani. Dawa ya kung'arisha usitie, nyuzi kuukuu haziiwezi.

Ukanda nimeuacha mrefu, wa kufunga. Akikua, utamtosha.